Mkulima Mwenye Vidole Sita

Luka Masalu alirudi Ngokolo, mjini Shinyanga, kutoka Geita na begi moja, simu moja kubwa na kikohozi. Kwa miaka mingi alikuwa akisaga mawe ya watu kwenye karasha, ile mashine inayoponda mwamba ukawa unga ili dhahabu itafutwe ndani yake, na unga ule ule ndio uliomwingia kifuani ukagoma kutoka. Mwanzo walimtibu kifua kikuu. Dawa ziliisha, kifua hakikupona. Daktari wa pili ndiye aliyemwambia ukweli: vumbi la mawe limegandia kwenye mapafu kama saruji kwenye mfuko ulionyeshewa mvua, na hakuna dawa ya kulibandua.

"Usirudi tena kule machimboni," daktari alimwonya.

"Nirudi na pumzi gani, daktari?" Luka alimjibu, akacheka mpaka kicheko kikageuka kukohoa.

Mama yake alimpokea bila maswali. Alimtandikia kitanda kwenye chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa, akamwekea mito mitatu kwa sababu hakuweza tena kulala chali. Katika nyumba ile mama alikuwa akiishi na Eunice, mtoto wake wa mwisho, aliyemaliza kidato cha nne na kupata kazi ya kufundisha chekechea ya kanisani kwao. Baba yao, Masalu, alikuwa amekufa zamani kijijini, Luka akiwa mvulana wa kuchunga ndama na Eunice akiwa bado ananyonya. Alikuwa na picha moja tu maishani mwake, na hiyo iliungua pamoja na nyumba ya nyasi mwaka uliofuata. Kwa hiyo Eunice alikua bila kuijua sura ya baba yake. Alipokuwa mdogo alizoea kuuliza, "Mayu, baba alifanana na nani?" na mama yake alimjibu kila mara, "Alifanana na yeye mwenyewe."

Biashara ya Luka ilianzia kwenye kitabu cha wanafunzi wa Eunice. Siku moja Eunice alirudi kutoka kazini na kitabu cha kupaka rangi ambacho mfadhili mmoja aliwaletea. Ndani yake mlikuwa na mtu aliyefinyangwa kwa theluji, mwenye pua ya karoti.

"Unajua watoto wamemwitaje?" alimwambia kaka yake. "Mtu wa ugali. Mtoto mmoja anayeitwa Sikujua akaniuliza, mwalimu, mboga yake iko wapi?"

Luka alicheka, kisha akakitazama kile kitabu ukurasa baada ya ukurasa. Kule Geita, miezi yake ya mwisho alipokuwa hawezi tena kuinua koleo, alikuwa akishinda kwenye duka la stationery la rafiki yake Mwita, mtaa wa Kalangalala. Mwita aliwatengenezea wanunuzi wa dhahabu matangazo kwa simu. Aliiandikia akili mnemba maneno, nayo ikamletea picha. Luka alikuwa akiketi pembeni yake siku nzima, akijifunza kwa macho kama alivyojifunza mambo mengine yote.

"Tutengeneze cha kwetu," alisema. "Niambie watoto wako wanajua vitu gani."

Eunice akamtajia: ng'ombe, kinu, chungu, ungo, bata, baiskeli, pampu ya maji. Luka akaviandika kwenye simu.

Kazi haikuwa rahisi kama watu wanavyodhani. Ile akili ilikuwa imeona mengi ya dunia, lakini Shinyanga haikuwa imefika. Alipoomba ng'ombe, ilimletea dubwana nene la maziwa lenye madoa, mgongo umenyooka kama ubao. Aliita mama yake aje aone.

"Huyo si ng'ombe," mama alisema. "Hiyo ni meza yenye mkia. Nundu yake iko wapi?"

Luka akaandika upya: awe na nundu, pembe ndefu zilizopinda juu, ngozi ya shingoni ining'inie. Aliandika, akafuta, akaandika tena, huku akigombana na simu kwa sauti kama mtu anayemfundisha kibarua mgeni. "Kinu gani hiki cha kwenye baa? Nimesema kinu cha kutwangia!" Jioni Eunice aliporudi, alikuta ng'ombe wa kwao amesimama kwenye kioo, mistari mitupu, tayari kupakwa rangi.

Picha za kwanza walizichapa kwa mwenye stationery wa mtaani. Watoto walizigombania. Eunice aliwasimulia walimu wenzake, na mwalimu mmoja wa Kahama, Dorah, aliyekuwa na kundi kubwa la walimu wa chekechea kwenye WhatsApp, akaomba atumiwe. Luka akazipanga kurasa vizuri, akaweka neno chini ya kila picha, akaliita faili lake Chekechea ya Kwetu. Dorah alinunua, wengine wakafuata. Mwalimu analipa kwa simu, Luka anamtumia faili, mwalimu anachapa mwenyewe kule aliko. Hakukuwa na mzigo wa kubeba wala duka la kufungua, na mtu asiyeweza kutembea hadi chooni bila kupumzika njiani aliweza kuifanya kazi hii akiwa ameegemea mito yake.

Hakutajirika. Ila kazi ile ilimrudishia kitu ambacho Geita ilikuwa imemnyang'anya. Simu ilikuwa ikilia na mtu upande wa pili akisema, "Shikamoo kaka Luka, naomba zile za vyombo vya nyumbani," naye akijibu, "Marahaba, dada, subiri kidogo," kama mtu mwenye ofisi. Mama alikuwa akisimama mlangoni na bakuli la uji akisubiri amalize kuongea na wateja wake. Siku za Jumapili, waliporudi kutoka kanisani, Eunice alimkuta akifanya kazi, akamwambia, "Kaka, leo ni siku ya Bwana," naye akamjibu, "Bwana anajua siku zangu zilivyobaki chache, atanielewa." Eunice hakupenda mzaha huo. Aliugeukia ukuta, akamwombea kimoyomoyo.

Seti ya tatu ndiyo iliyomshika. Aliitaka iwe hadithi ya mkulima mmoja tangu kulima mpaka kuuza pamba, ukurasa kwa ukurasa, watoto wamfuate mtu yule yule mwaka mzima. Aliiita Mwaka wa Mkulima. Walimu waliahidiwa kuipata kabla ya muhula kufunguliwa. Lakini mtu yule yule anahitaji uso mmoja, na Luka hakusema anautoa wapi. Eunice alimwona tu akiandika, akifumba macho, akiandika tena. Siku nyingine alikuwa akiuliza mambo yasiyo na kichwa wala miguu. "Mayu, baba alikuwa anavaa kofia au anafunga kitambaa?" Mama alimjibu bila kufikiri, akiendelea kupepeta mchele.

Alasiri moja aliwaita wote wawili. Akaigeuza simu.

Kwenye kioo alisimama mwanamume mwembamba, mrefu, ameshika plau nyuma ya ng'ombe wawili. Paji la uso pana, mashavu yaliyoingia ndani kidogo, tabasamu la upande mmoja kama mtu anayeficha mzaha. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo juu.

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. Ungo wake ulikuwa umeanguka miguuni na kuku walikuwa wanaula mchele, wala hakuwafukuza.

"Masalu," alisema mwishowe. Alilitamka jina hilo kama mtu anayeitika mlangoni. Kisha akasema, "Sikio lile alichanwa na waya wa zizi."

"Niliiambia," Luka alisema. "Niliiambia kila kitu ninachokumbuka. Imekataa mara nyingi, leo imekubali."

Eunice aliinama nyuma ya bega la mama yake akamtazama baba yake kwa mara ya kwanza. Alitafuta kitu cha kwake katika uso ule, akakipata kwenye kidevu. Alijigusa kidevu.

Mama akafuta macho kwa ncha ya khanga, akaisogeza simu karibu. "Ila mume wangu alikuwa na vidole vitano. Huyu ana sita."

Walihesabu. Kweli mkono ulioshika plau ulikuwa na vidole sita. Wakacheka wote watatu mpaka Luka akaishiwa pumzi, na mama akawa anamsugua mgongo huku bado anacheka.

"Usichape kwanza," Luka alimwambia Eunice alipopata sauti. "Wala sitamtumia mtu. Kazi ikitoka na kasoro walimu watatudharau. Nikirekebisha mkono, tunachapa moja kubwa kwa ajili ya mayu."

Mkono ukamshinda. Kila aliposema vidole vitano, mkono ulikaa sawa lakini uso ukawa wa mtu mwingine. Akaiacha ile ya kwanza ilivyo, akasema atatafuta njia. Kila jioni mama alikuwa akija na kiti chake, akisema, "Nionyeshe baba yenu," wakakaa hivyo kidogo. Simu ya Eunice ilikuwa kitochi, isiyoweza kupokea picha, na hakuna aliyefikiria kuitoa picha ile mahali ilipokuwa. Luka alikuwa amezima hata ile hifadhi ya mtandaoni kwa sababu ilikuwa inamlia bando.

Akafa kabla ya mvua za vuli, mchana, hospitalini, mpira wa oksijeni puani na mkono wa Eunice kichwani. Mchungaji aliwahi kufika na kumwombea. Eunice alimshukuru Mungu kwa hilo, ingawa shukrani ile ilikuwa na uchungu mdomoni kama kwinini.

Baba mkubwa Mageni, kaka mkubwa wa Masalu, alikuja kutoka kijijini kusimamia msiba. Alikuwa mzee wa maneno machache, mtu wa zamani. Kanisani aliingia siku za misiba tu, lakini akiingia alivua kofia yake na kukaa mbele. Yeye ndiye aliyewalea kwa mahindi yake baba yao alipokufa, na Eunice alimheshimu kama baba. Alipomwomba simu ya marehemu ili awajulishe watu wa Geita, Eunice alimkabidhi ikiwa imejaa chaji, akamwonyesha pa kubonyeza.

Walimzika Luka, kwaya ikaimba, watu wakala wakaondoka. Siku ya kuanua matanga ilipokaribia, Eunice na shangazi zake walifua nguo za marehemu, maana kitu cha marehemu hakigawiwi kabla ya kusafishwa. Ndivyo walivyolelewa, wakristo na wasio wakristo: nguo zifuliwe, kitanda kiwekwe juani, jembe lisuguliwe, ili anayerithi apokee kitu na si kifo. Suruali za Luka za Geita zilitoa maji ya kijivu, ingawa mama alikuwa amezifua zaidi ya mara moja.

Kwenye kikao baba mkubwa aligawa vitu mbele ya ukoo. Koti kwa huyu, viatu kwa yule. Mwisho akatoa simu, ameifunga kwenye leso mpya.

"Hii tumempa Eunice," alisema, "kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa miguu ya kaka yake. Ajiendelezee na ile kazi. Nimeisafisha."

Watu wakaitikia kwa shukrani, "Wabeja, wabeja." Eunice akapiga goti akaipokea kwa mikono miwili. Akaifungua. Kioo kiliwaka cheupe, kikamsalimia kwa Kiingereza na kumtaka achague lugha.

Alibaki ameinama. Shangazi mmoja akamshika bega. "Jikaze, mwanangu. Ni ya kaka yako, ndiyo, lakini jikaze."

"Baba mkubwa," Eunice alisema polepole, "umeisafishaje?"

"Kwa fundi, sokoni. Amenihakikishia hakuna kilichobaki ndani. Iko kama mpya."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ilikuwa kazi iliyofanywa vizuri. Eunice akaifunga simu tena kwenye leso mbele ya watu wale wote waliolala chini kwa ajili ya kaka yake.

Alimfuata nyuma ya nyumba, alikokuwa akifunga mizigo yake kwenye baiskeli.

"Baba mkubwa, samahani. Mle ndani kulikuwa na picha."

Mzee hakugeuka. "Nilimwona."

"Ulimwona nani?"

"Mdogo wangu." Aliikaza kamba. "Mtu alikuwa ananipigia kutoka Geita, nikabonyeza vibaya, nikamkuta Masalu amesimama shambani ananiangalia. Mimi ndiye niliyemfumba macho yule, Eunice. Kwa vidole hivi. Halafu nakuta ananiangalia, na mkono wake umeota kidole."

"Ni mashine tu, baba mkubwa. Luka aliielezea, ikachora."

"Sikio imelijuaje?"

"Luka aliiambia."

"Basi asingeiambia!" Sauti ya mzee ilipanda, kisha ikashuka. "Kijana mgonjwa anamwita baba yake aliyekufa, anamweka kitandani pake, anamtazama kila siku. Baba yake akaja kumchukua. Wewe nilitaka akuache."

Eunice alitaka kumwambia kwamba Luka aliuawa na vumbi, kwamba daktari alisema, kwamba mwamini haogopi wafu. Maneno yote hayo alikuwa nayo. Lakini mzee alikuwa akiifungua na kuifunga tena kamba ile ile.

"Ungeniuliza," alisema tu.

"Nikuulize nini? Wewe humjui."

Hilo lilimwingia. Alisimama akiwasikiliza wanawake wakiosha masufuria upande wa pili wa ukuta. Baadaye akauliza jambo moja aliloweza kuliuliza.

"Alifanana naye?"

Baba mkubwa Mageni aliusukuma mzigo mpaka ukakaa sawa.

"Nilimsalimia," alisema mzee. Akapanda baiskeli yake akaenda.

Kwa wiki nyingi Eunice hakuweza kumwombea. Alikuwa akipiga magoti, akitaja mama, akitaja roho ya Luka na watoto wa chekechea, na akifika kwa baba mkubwa ulimi ulikwama. Alijua mzee hakufanya kwa ubaya. Laiti angefanya kwa ubaya, angalau Eunice angekuwa na mtu wa kumsamehe.

Akaanza kuikusanya biashara. Aliweka laini yake kwenye simu ya Luka, akampigia Dorah, akamweleza. Dorah alilia, kisha akawatangazia walimu wenzake, na kuanzia jioni ile picha zikaanza kurudi: ng'ombe mwenye nundu, kinu cha kutwangia, bata, chungu. Kutoka Kahama, kutoka Nzega, kutoka Katoro huko Geita, kila mwalimu alirudisha alichonunua pamoja na pole. Seti mbili zikatimia. Ya tatu hakuwa nayo mtu yeyote.

"Na ile ya mkulima, dada?" Dorah aliuliza kwa upole. "Shule zinafunguliwa. Walimu wananiuliza."

Eunice akamwita mama, akavuta viti viwili dirishani. "Mayu, nieleze baba alivyokuwa."

Mama alieleza kwa Kisukuma, maana Kiswahili chake hakikutosha kwa jambo lile. Eunice akaandika kwa Kiswahili. Mwembamba, mrefu, paji pana, pengo sikioni. Akili mnemba ikamletea mwanamume.

"Siye," mama alisema.

Ikaleta mwingine, na mwingine. Wengine walikuwa wazuri kuliko Masalu, wengine wazee mno, mmoja alifanana na fundi baiskeli wa mtaani. Siye. Siye. Waliendelea hivyo siku ile na zilizofuata. Luka alikuwa na kitu ambacho hakikuwa kwenye maneno, namna ya kukataa na kukataa mpaka uso ukubali, na Eunice hakujua akatae nini, kwa kuwa alimwona mtu yule jioni chache tu, begani kwa mama yake.

"Mayu, macho yalikuwaje? Yalikaa ndani au nje?"

Mama alifumba macho yake. Alikaa hivyo, midomo ikicheza. Alipoyafumbua yalikuwa na hofu.

"Zamani nikifumba macho nilikuwa namwona," alisema. "Si vizuri, lakini nilimwona. Luka aliponionyesha yule wake, yule akakaa mahali pa wangu. Sasa wa Luka ameanza kunipotea, na mume wangu hajarudi."

Eunice akaizima simu. Alimkumbatia mama yake na wote wawili wakalia, kwa Luka na kwa Masalu pamoja, wala hawakuweza kutenganisha kilio cha nani kilikuwa kipi.

Asubuhi mama ndiye aliyeileta simu.

"Watoto wanasubiri," alisema. "Mwache baba yako apumzike. Chora mkulima yeyote."

"Yeyote?"

"Awe na plau na ng'ombe wenye nundu. Awe amelala usingizi wa kutosha, asiwe na sura ya kuhuzunisha watoto."

Eunice akaandika hivyo. Akaja mwanamume wa makamo, uso wa duara, mchangamfu, masikio yote mazima. Mama alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni anayepita njia.

"Huyu hatumjui," alisema. "Ni mtu mwema tu. Watumie." Akaenda jikoni, na tangu siku ile hakusogeza tena kiti dirishani.

Eunice alifanya kazi mpaka kurasa zikakamilika: kulima, kupanda, kupalilia, kuchuma, pamba kwenye mifuko, ng'ombe na mkokoteni barabarani. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika jina la Luka Masalu kama mwenye kazi, akaomba kimoyomoyo, akatuma. Walimu waliipokea kwa furaha. Dorah alituma sauti, na nyuma yake zilisikika kelele za watoto.

"Wameipenda mno, dada Eunice. Ila wananisumbua, wanataka kujua huyu baba anaitwa nani."

Eunice aliisikiliza sauti ile mara mbili. Alianza kuandika jina, herufi tatu za mwanzo, Mas, akazifuta. Kisha akamjibu Dorah kwamba hana jina, watoto wampe wanalopenda.